Wapeni wimbo mkali: jibu kwa bendi iliyoalikwa kwenye spliti

Msomaji mmoja, mpiga besi wa bendi ya death metal (metali nzito ya magitaa ya chini na sauti ya kunguruma) yenye demo moja tu, yaani rekodi ya majaribio, ameniuliza hivi. Bendi ya black metal (metali ya magitaa makali ya juu na sauti ya kupiga kelele) kutoka nchi nyingine imewaalika watoe pamoja spliti ya santuri ya inchi 7, kila bendi upande wake, na lebo ndogo, yaani kampuni ya kutoa muziki, iko tayari kugharimia nakala 300. Mpiga gitaa wao hataki wimbo wao mkali kuliko zote, wa dakika 6 na sekunde 40, upelekwe huko. Anataka utunzwe kwa ajili ya albamu, spliti ipewe kilichobaki. Wenzao wamerekodi kwa sauti mbichi ya kukwaruza, wao ya kwao wameisafisha studio. Anauliza: tukubali? Tutoe wimbo gani? Na nani akae upande A?

Kubalini, ila kwa sharti moja nitakalolieleza mbele kidogo. Kuhusu wimbo, mpiga gitaa wenu nampinga waziwazi. Spliti ipewe kitu kikali kuliko vyote mnavyoweza kuvitosheza kwenye upande mmoja wa sahani hiyo.

Fikirini nani ataichukua. Mnunuzi wa spliti kwa kawaida anaifuata bendi moja anayoijua, na ile ya pili anaipata juu yake. Kwa hiyo wengi watakaoipata kupitia wenzenu hawajawahi kuliona jina lenu popote. Hawana demo yenu ya kulinganishia, hawajui mnavyopiga jukwaani, na habari ya wimbo mkali mliouweka kabatini haiwafikii. Wana dakika zenu nne au tano tu. Zikiwashika, watawatafuta. Zisipowashika, wataigeuza sahani na hawatarudi. Nimesikiliza spliti nyingi zenye upande mmoja wa viporo: rifu (vipande vya gitaa vinavyorudiwarudiwa) zilizokataliwa kwenye albamu, wimbo wa mazoezini uliomwagiwa mwangwi ili uonekane una kina. Udhaifu huo anausikia hata asiyejua kushika gitaa, kwa sababu upande wa pili uko palepale na unaufichua.

Hofu ya mpiga gitaa wenu ina jibu lake kwenye spliti mashuhuri kuliko zote za black metal. Mwaka 1993 Candlelight, lebo changa ya Uingereza iliyoanzishwa na Lee Barrett, iliziunganisha bendi mbili za Norway ambazo hazikuwa na albamu hata moja: Emperor na Enslaved. Emperor walileta nyimbo nne, Enslaved wakaleta tatu chini ya jina Hordanes Land. Katika zile nne za Emperor zilikuwamo I Am the Black Wizards na Cosmic Keys to My Creations & Times, na hizo ndizo zilizokuwa silaha zao. Mwaka uliofuata lebo ileile ikatoa albamu yao ya kwanza, In the Nightside Eclipse, na nyimbo hizo mbili zikawamo tena, zimerekodiwa upya na kupanuliwa sauti. Hazikupotea. Zilitangulia kufungua mlango, kisha zikaingia na albamu. Mimi mpaka leo nikitaka kuusikia ubaridi wa Black Wizards narudi kwenye toleo la 1993, ambapo kila kitu kiko karibu na sikio na hakuna ukuta wa kinanda wa kukulinda. Enslaved nao hawakuweka akiba: Allfǫðr Oðinn, uliotoka kwenye sehemu yao ya spliti, waliendelea kuupiga jukwaani miongo kadhaa baadaye.

Kwa hiyo mwambieni mwenzenu kwamba wimbo uliotoka kwenye spliti haujachomwa. Unaweza kurekodiwa tena kwa ajili ya albamu, mradi makubaliano na lebo yanaruhusu, na hilo nalo nitalifikia.

Desturi ya kugawana sahani haikuanzia kwenye metali. Iliingia kutoka kwa bendi za panki na hadikoo (panki iliyo kali na ya kasi zaidi), ambazo zilijua kwamba gharama ya kuchonga na kukandamiza santuri (kuzipiga chapa kiwandani) haiongezeki kwa kuwa na majina mawili badala ya moja. Earache ya Nottingham iliwaweka Heresy na Concrete Sox kwenye sahani moja mwaka 1987. Nuclear Blast ya Ujerumani ikafanya hivyo mwaka 1989 kwa Pungent Stench na Disharmonic Orchestra, wote wa Austria, na hapo death metal ilikuwa imeshaichukua desturi hiyo kuwa yake. Zilikuwa nyakati za kaseti kupelekwa kwa posta, bahasha zimejaa vipeperushi vya bendi nyingine, na stempu zimepakwa gundi ili mhuri uoshwe na stempu irudishwe itumike tena. Kila bahasha ilibeba majina mengi kuliko mtumaji mmoja. Spliti ni mtindo huohuo uliowekwa ndani ya plastiki: watu wawili wanabebana kuingia nyumba ambazo kila mmoja peke yake asingekaribishwa. Bendi kama Agathocles ya Ubelgiji na Nunslaughter ya Marekani zilijenga karibu maisha yao yote juu ya njia hii, toleo dogo baada ya toleo dogo, na majina yao yakafika kila kona bila lebo kubwa.

Sasa sharti. Kabla ya kukubali, wachunguzeni hao wenzenu ni akina nani.

Nalisema kwa uzito kwa sababu black metal ina tawi linalohubiri unazi na ubaguzi wa rangi, na watu wake hawajitangazi kila mara. Wengi katika mtindo huu hutumia majina ya bandia, wengine hawatoi hata picha, na hilo lenyewe si kosa, maana ni sehemu ya sanaa yake. Ila mtu yuleyule anaweza kuwa na bendi nyingine yenye mashairi ambayo msingekubali kusimama nayo jukwaa moja. Ombeni mashairi ya nyimbo watakazotoa, kwa maandishi. Tafuteni matoleo yao ya nyuma yalitoka lebo gani, na lebo hizo zinatoa nini kingine. Waulizeni wazi, bila kuzunguka. Bendi safi haitakasirika, itajibu kwa mstari mmoja. Anayeanza kusema kwamba muziki hauna siasa huku akikwepa swali, mwacheni. Sahani ikishatoka, majina yenu mawili hayatenganishwi tena. Wasambazaji watairudisha, matamasha yatawafungia mlango, na hakuna toleo la pili litakalofuta la kwanza. Mkishalivuka hilo, mengine yote yanazungumzika.

Tofauti ya mitindo isiwatie wasiwasi hata kidogo. Spliti ya bendi mbili zinazosikika sawa humpa msikilizaji sababu ndogo ya kuigeuza sahani. Black metal upande mmoja na death metal upande wa pili ni ndoa ya zamani inayofaa, ikiwa pande hizo zinasemezana kwa jambo fulani: mwendo, mada, hali ya hewa ya muziki. Tazameni Spectral Lore wa Ugiriki na Mare Cognitum wa Marekani, kila mmoja ni mtu mmoja anayefanya kila kitu peke yake. Mwaka 2013 walitoa Sol, kila mmoja na wimbo wake mrefu kisha mmoja wa pamoja. Mwaka 2020 wakarudi na Wanderers: Astrology of the Nine, wakagawana sayari nne kila mmoja, na Pluto wakaifanya wote wawili. Hilo ni jambo kubwa na halidai bendi zifanane. Ndugu wa karibu zaidi ni Blood Incantation na Spectral Voice wa Denver, bendi zinazochangia wanamuziki, waliotoa spliti mwaka 2015: mikono ni ileile, lakini upande mmoja unakimbia na mwingine unajikokota kama uko chini ya maji. Ninyi hamna haja ya sayari. Inatosha kukubaliana na wenzenu kuhusu picha moja ya jalada inayozihusu nyimbo zote mbili, au mada moja ambayo kila bendi itaiandikia kwa namna yake. Nimependa pia spliti ambazo kila bendi inapiga wimbo wa mwenzake, ila hiyo inataka upande mrefu kuliko huu wenu.

Na hapo ndipo kwenye shida yenu ya kweli, ambayo mpiga gitaa wenu hakuitaja. Dakika 6 na sekunde 40 ni nyingi kwa inchi 7.

Santuri inazunguka kwa kasi isiyobadilika, lakini mfuo, yaani mstari uliochongwa ambao sindano inaufuata, haupiti chini ya sindano kwa kasi isiyobadilika. Kwenye sahani ya inchi 12 inayozunguka mara 33 kwa dakika, ukingoni mfuo unapita karibu sentimita 50 kila sekunde. Ukifika karibu na katikati zimebaki kama 20. Sahani ya inchi 7 ya mizunguko 45 inaanza na karibu 40 na kumalizia kama 25. Mwendo ukipungua, mawimbi ya sauti za juu yanabanana ndani ya nafasi ndogo na sindano inashindwa kuyafuata. Matoazi yanageuka mchakacho wa karatasi, na mlio wa mwimbaji unaanza kutema. Besi nayo ina ubaya wake: inataka mfuo mpana, na kila mfuo mpana unakula nafasi ya dakika. Kwa hiyo wenzenu wa black metal, wenye magitaa ya sauti za juu na matoazi yasiyonyamaza, wataumia zaidi mwishoni mwa upande wao. Ninyi wenye magitaa yaliyoshushwa na ngoma za mguu zinazopigwa mfululizo mtaumia kila mahali, kwa sababu fundi atalazimika kupunguza sauti yote ili wimbo uenee.

Inchi 7 kwa mizunguko 45 inabeba dakika nne hadi nne na nusu za death metal ikiwa na nguvu zake. Ukishusha hadi mizunguko 33 unaweza kuingiza dakika sita na ushee, lakini wimbo utatoka mdogo na mwembamba karibu na wa wenzenu. Msikubali hivyo. Msikubali pia kukata kipande cha katikati au kuufifisha wimbo kabla haujaisha. Wimbo wa namna hii mara nyingi umejengwa kwa ajili ya rifu yake ya mwisho, na rifu hiyo ikifika tayari imefifia, mmeutoa bure.

Njia ni mbili. Iulizeni lebo kama inaweza kupanda hadi inchi 12 kwa mizunguko 45, ambapo dakika zenu 6 na sekunde 40 zitakaa zikipumua na hata wimbo mfupi wa pili utapata nafasi. Gharama ya plastiki, majalada na posta itapanda, kwa hiyo jiandaeni kusikia hapana. Wakisema hapana, ingieni mazoezini mwandike wimbo mpya wa dakika nne kwa ajili ya upande huu. Msichukue cha zamani mkakibandika. Andikeni mkijua kabisa kwamba utaanza sekunde sindano inapotua na kuisha kabla haijafika pabaya, kwamba rifu nzito iwe mapema, na kwamba nusu dakika ya mwisho isitegemee matoazi. Bendi nyingi zimetoa nyimbo zao kali kwa sababu ya kubanwa na kipimo kama hiki. Mpiga gitaa wenu atabaki na wimbo wake wa albamu, lakini kwa sababu iliyo sahihi, na spliti haitakuwa imepewa makombo.

Kuhusu sauti chafu ya wenzenu na usafi wenu: msijaribu kufanana. Wao wasisafishe, ninyi msijichafue. Jambo moja tu liwe la pamoja, nalo ni fundi wa mastaringi, hatua ya mwisho ya kuisawazisha sauti kabla ya kuchonga. Nyimbo zote mbili zipite kwa mtu mmoja, anayejua kuchonga santuri, ili anayeigeuza sahani asilazimike kukimbilia kitufe cha sauti. Mpelekeeni miksi (rekodi ya vyombo vyote vilivyochanganywa) isiyobanwa hadi mwisho, yenye nafasi juu, na besi muiweke katikati. Besi iliyotawanywa kushoto na kulia bila kupatana inaufanya mfuo uchimbwe juu na chini badala ya pembeni, na hapo sindano inaruka. Nimeona bendi ikilaumu kiwanda kwa santuri inayorukaruka wakati kosa lilikuwa kwenye miksi yao tangu mwanzo.

Kiwanda kitaleta nakala chache za majaribio kabla ya kukandamiza 300 zote. Hapa naomba msiharakishe, kwa sababu ndiyo nafasi ya mwisho. Ombeni lebo iwapelekee angalau moja ninyi na moja wenzenu, nao wabaki nazo nyingine. Sikilizeni kwanza bila headifoni, kwenye mashine ya kawaida ambayo shabiki anayo, halafu na headifoni. Mkisikia mlio wa kudonoa mahali fulani, andikeni dakika na sekunde, kisha muulizeni mwenye nakala nyingine asikilize palepale. Kama mlio uko kwenye nakala zote, kasoro iko kwenye kalibu, na nakala zote 300 zitakuwa nao, basi zuieni. Kama uko kwenye nakala yenu tu, ni vumbi au bahati mbaya ya sahani hiyo moja. Msikilize nusu dakika ya mwisho ya kila upande mara kadhaa, hata upande usio wenu. Itazameni sahani inapozunguka: kama sindano inayumba kushoto na kulia kwa utaratibu, tundu halikukaa katikati, na noti ndefu zitasikika zikipanda na kushuka. Wimbo wa kasi unaificha kasoro hiyo. Rifu ya taratibu haiifichi.

Fedha hazina mengi. Kwenye matoleo haya bendi hazilipwi taslimu, zinalipwa nakala, na desturi iliyozoeleka ni asilimia 10 hadi 20 ya zilizokandamizwa kwa bendi zote pamoja. Kwa nakala 300, nakala 30 kila bendi ni haki, 15 ni kidogo lakini si dhuluma. Muulizeni mwenye lebo atabadilishana nakala na lebo gani, maana hapo ndipo santuri ya andagraundi inaposafiri: nakala kumi zako kwa kumi zake, hakuna hela inayohama, na jina lenu linafika kwenye orodha za wasambazaji wa nchi nyingine. Mwenye lebo anayewataja washirika wake kwa majina ni wa kufanya naye kazi.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni barua pepe ya aya tatu iliyojibiwa na pande zote. Nyimbo na rekodi zenyewe zibaki mali yenu. Lebo ipewe ruhusa ya nakala hizo 300, kwa umbo hilo, na ikitaka kukandamiza tena iwaulize. Waandike baada ya miezi mingapi mko huru kuutoa wimbo huo kwingine. Miezi sita ni ya kawaida, kumi na miwili bado inavumilika. Iwekwe pia tarehe ya mwisho ya kuwasilisha rekodi, na itajwe kitakachotokea bendi moja ikichelewa. Hakuna kinachoua spliti kama hicho. Bendi moja imemaliza, nyingine inabadilisha mpiga ngoma, mwaka unapita, lebo inatumia fedha kwa kazi nyingine, na wimbo uliokuwa mpya unazeeka kwenye diski.

Na upande A? Waachieni wao kama wanautaka. Kwenye santuri herufi hizo hazina uzito, kwa sababu msikilizaji ndiye anayechagua aanze wapi, na jalada linaweza kuwa na mbele mbili, kila bendi na yake. Pigania badala yake majina yaandikwe kwa ukubwa mmoja. Mpangilio una maana kwenye CD na mtandaoni, ambako sauti inaenda mfululizo na anayeanza ndiye anayesikilizwa zaidi. Kwa hiyo kama lebo itaiweka spliti mtandaoni, ninyi mliowaachia upande A muombe kutangulia huko. Hakikisheni tu kila wimbo umeandikishwa kwa jina la bendi yake, na mkubaliane mapema mauzo yataingia akaunti ya nani na yatagawanywa lini.